Kuanguka, Kupandwa, Kupona: Lugha ya Kuwaelimisha Wenye Kifafa na Walezi Wao Mkoani Ruvuma

Ikisiri

Makala haya yanajadili nafasi ya lugha katika kuwaelimisha watu wenye kifafa pamoja na walezi wao, kwa kuangalia hasa mazingira ya Songea na mkoa wa Ruvuma kwa jumla. Hoja yetu kuu ni kwamba Kiswahili tunachokitumia kuelezea ugonjwa huu kimebeba, katika msamiati na hata katika sarufi yake, fikra ambazo mara nyingine hupingana na ujumbe unaokusudiwa na mhudumu wa afya. Tutachambua maneno yanayotumika sana, tutaeleza ugonjwa wenyewe, kisha tutapendekeza namna ya kusema inayoweza kueleweka bila kumdhalilisha mgonjwa wala kumtisha mlezi.

1.0 Utangulizi

Kifafa ni ugonjwa wa ubongo. Sentensi hii ni fupi na maneno yake yote yanafahamika kwa mtoto wa shule ya msingi. Hata hivyo, katika kazi ya kuelimisha umma ni miongoni mwa sentensi ngumu sana kuaminika. Sababu yake si uchache wa akili wa msikilizaji. Sababu ni kwamba kabla ya kuisikia, msikilizaji ameshaelezwa ugonjwa huo mara nyingi kwa lugha yake mwenyewe, na maelezo hayo ya awali yamekaa ndani ya maneno ambayo sisi sote tunayatumia.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba watu wapatao milioni 50 ulimwenguni wana kifafa, na kwamba karibu asilimia 80 kati yao wanaishi katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo hilo hueleza kwamba hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wangeweza kuishi bila kupatwa na matukio ya ugonjwa huo endapo wangetambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Mwezi Mei 2022, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha mpango wa utekelezaji wa mwaka 2022 hadi 2031 kuhusu kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa neva. Kwa hiyo kuna dawa, na kuna azma. Kilichobaki kwa kiasi kikubwa ni safari kati ya dawa na mgonjwa, na sehemu kubwa ya safari hiyo hupita katika mazungumzo.

Kabla ya kuendelea, yafaa tutaje tatizo moja la kiistilahi. Katika Kiswahili cha kawaida neno kifafa hutaja vitu viwili: ugonjwa wenyewe unaodumu, na kila tukio moja moja la ugonjwa huo. Mtu akisema "Amepata kifafa", hatujui kama anasema kwamba ugonjwa umeanza au kwamba mgonjwa wa siku nyingi ameanguka asubuhi hii. Utata huu una madhara. Mlezi ambaye mtoto wake hajaanguka kwa miezi mitatu husema "Hana kifafa tena", naye yuko sahihi kwa maana ya pili na amekosea kwa maana ya kwanza. Katika makala haya tutatumia kifafa kwa ugonjwa, na tukio la kifafa kwa kila pindi ugonjwa unapojitokeza.

2.0 Kutoka Mahenge hadi Songea: Usuli kwa Ufupi

Mtu anayezungumzia kifafa kusini mwa Tanzania hawezi kuiruka Mahenge, katika wilaya ya Ulanga, mkoani Morogoro, ambayo haiko mbali na mpaka wa kaskazini wa Ruvuma. Huko, mwanzoni mwa miaka ya 1960, daktari Louise Jilek-Aall, mzaliwa wa Norwe, alianzisha kliniki ya kifafa miongoni mwa Wapogoro. Alikuta wagonjwa waliotengwa, wanaokula peke yao, na wengi wenye makovu ya moto. Alianza kuwapa fenobabitali, dawa ya bei nafuu ambayo ilikuwa ikitumika duniani tangu mwaka 1912.

Mwaka 1992, Jilek-Aall pamoja na Henry Rwiza walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wagonjwa 164 wa kliniki hiyo kwa muda wa miaka 30. Zaidi ya nusu yao walikuwa wamekwisha kufa, na vingi vya vifo hivyo vilihusiana na kifafa chenyewe: matukio yasiyokoma, kuzama majini, kuungua. Mwaka huo huo Rwiza na wenzake walichapisha utafiti wa kijamii wa Ulanga ulioonyesha kwamba watu 10 hivi katika kila 1,000 walikuwa na kifafa. Mwaka 1993 walitoa matokeo ya kuwahoji wakuu wa kaya zaidi ya 3,000 wa vijijini. Asilimia 40 hivi waliamini kwamba kifafa huambukiza, na zaidi ya asilimia 60 hawakukubali mtoto mwenye kifafa apelekwe shule.

Takwimu hizo ni za zamani na ni za Ulanga. Hata hivyo zinatuhusu, kwa kuwa mazingira ya Ruvuma yanafanana na ya huko katika mambo mengi: mito yenye kasi, mashamba yaliyo mbali na makazi, mafiga ya kupikia yaliyo chini, ufugaji wa nguruwe, na zahanati ambazo mtu huzifikia kwa mwendo mrefu. Aidha, Ruvuma ni mkoa wa lugha nyingi. Kingoni, Kindendeule, Kimatengo, Kiyao na lugha za mwambao wa Ziwa Nyasa ndizo lugha za nyumbani kwa watu wengi, wazee hasa, ilhali Kiswahili ndicho lugha ya zahanati, ya Hospitali ya Rufaa ya Mkoa mjini Songea, na ya hospitali ya misheni ya Peramiho. Kwa hiyo maelezo ya mhudumu husafiri mara mbili: kutoka lugha ya kitabu cha udaktari hadi Kiswahili, na kutoka Kiswahili hadi lugha ya jikoni.

3.0 Maneno na Mizigo Yake

3.1 Kifafa

Neno kifafa huhusishwa na mzizi -fa, uliorudufiwa na kupewa kiambishi ki-. Wako wanaolifasiri kuwa ni "kufa kidogo" au "kufa kwa muda". Kiswahili hakioni ajabu kutumia mzizi huu kwa hali zisizo mauti: mguu hufa ganzi, na mtu aliyechoka hulala fofofo. Lakini katika kifafa mzizi huu una uzito zaidi, kwa sababu anayetazama huona mwili umekakamaa, macho yamegeuka, na pumzi imekatika kwa nukta kadhaa. Neno linathibitisha anachokiona. Kwa hiyo si ajabu kwamba watu hukimbia badala ya kusaidia.

Hatupendekezi kuliacha neno hili. Ni la Kiswahili, linajulikana kote, na ndilo walilolitumia watafsiri wa Biblia ya Union Version katika Mathayo sura ya 17, mahali ambapo Kigiriki cha asili kilikuwa na neno lenye kuhusisha ugonjwa na mwezi. Tunachopendekeza ni kwamba mwelimishaji asilipite kimya. Anaweza kusema: "Wazee waliuita kifafa kwa kuwa mtu huonekana kama amekufa, lakini hakufa, na kwa kawaida atazinduka mwenyewe katika dakika chache." Hapo neno lenyewe limefanywa kuwa somo.

3.2 Degedege

Neno la pili ni degedege, yaani mitukutiko ya mtoto mdogo mwenye homa kali, ambayo katika nchi yetu mara nyingi huletwa na malaria. Neno hili ni uradidi wa dege, ukubwa wa ndege, na katika mapokeo ya pwani huhusishwa na kiumbe arukaye usiku na kumdhuru mtoto. Utafiti uliofanyika wilayani Bagamoyo na kuchapishwa mwaka 1996 ulionyesha jinsi fikra hiyo ilivyowafanya wazazi waanze kwa mganga wa jadi, wengine wakiogopa kwamba sindano ingemuua mtoto.

Degedege na kifafa si kitu kimoja. Kwa mujibu wa ufafanuzi wa kitaalamu, mtu huhesabiwa kuwa na kifafa, kwa kawaida, akiwa amepatwa na matukio angalau mawili, yaliyopishana kwa zaidi ya saa 24, bila ya chanzo cha papo hapo kama homa au upungufu wa sukari mwilini. Watoto wengi waliopata degedege hawapati kifafa ukubwani. Hata hivyo, malaria kali iliyofika ubongoni, au degedege iliyodumu muda mrefu, yaweza kuacha jeraha ambalo baadaye huzaa kifafa. Kwa hiyo mzazi anayekimbiza mtoto mwenye homa zahanati usiku huo huo anatibu leo na kukinga kesho.

3.3 Kuanguka

Kitenzi kinachotumika sana ni -anguka. "Huyu mtoto anaanguka" hueleweka mara moja, na tasfida hii ina heshima yake: haitaji jina la ugonjwa mbele za watu. Tatizo ni kwamba si kila tukio la kifafa ni kuanguka. Yako matukio ambayo mtoto huduwaa tu kwa nukta chache, macho yakitazama mbali, kisha huendelea na shughuli yake bila kukumbuka. Yako yanayoutikisa mkono mmoja peke yake. Yako yanayomfanya mtu atafune mate, apapase nguo, au atembee bila kujua aendako. Huko Mahenge, tangu miaka ya 1960, Jilek-Aall alieleza watoto ambao kichwa hushuka na kupanda tena na tena, hali ambayo kwa Kiswahili hutajwa kama kusinzia kichwa.

Tazama basi jinsi lugha inavyoficha ugonjwa. Mtoto anayeduwaa darasani huitwa mzembe. Anayesinzia kichwa akiwa mezani huambiwa alale mapema. Wote wawili "hawaanguki", na kwa hiyo, kwa mantiki ya neno lenyewe, hawana kifafa. Huchapwa badala ya kutibiwa.

3.4 Kupandwa na kushikwa

Sarufi nayo ina mchango wake. Hebu tuangalie mifano ifuatayo:

(1) Kifafa kimempanda.
(2) Kifafa kimemwangusha motoni.
(3) Ameshikwa na kifafa.

Katika (1) na (2) kifafa ni kiima, yaani mtenda, na binadamu ni yambwa. Katika (3) binadamu ni kiima cha sentensi ya kutendwa, lakini mtenda bado ni kifafa. Kitenzi -panda ndicho kile kile kitumikacho kwa pepo: "Mashetani yamempanda." Msemaji hahitaji kuamini pepo ili aseme hivyo, sarufi imeshamwekea nafasi ya mtenda, na jamii huijaza nafasi hiyo kwa kile inachokijua, yaani pepo, jini, au mkono wa jirani.

Hatudai kwamba sarufi hufunga fikra. Wasemaji wa Kiswahili husema pia "Usingizi umemshika" bila kumtafuta mchawi wa usingizi. Tunachodai ni kwamba mwelimishaji ana hiari ya kuchagua miundo, na kwamba miundo kama "Ana kifafa", "Amepatwa na tukio la kifafa", au "Ubongo wake umevurugika kwa muda" haimweki mtenda wa siri nyuma ya pazia. Kadhalika, "mtu mwenye kifafa" ni bora kuliko "yule kifafa", kwa sababu neno mwenye humfanya mtu kuwa kichwa cha kirai na ugonjwa kuwa kitu kimoja tu kati ya vingi alivyo navyo: jina, shamba, watoto, kazi.

4.0 Kuueleza Ugonjwa Wenyewe

4.1 Uteuzi wa sitiari

Ubongo hufanya kazi kwa chembe nyingi mno zinazopelekeana ishara ndogo za umeme. Kila kundi la chembe hutoa ishara zake kwa wakati wake. Katika tukio la kifafa, kundi kubwa la chembe hutoa ishara kwa pamoja, kwa nguvu na bila mpango. Vurugu ikianzia sehemu moja ya ubongo, dalili hutegemea kazi ya sehemu hiyo. Ikienea pande zote, mtu hupoteza fahamu na mwili wote hukakamaa na kutukutika.

Namna ya kulieleza jambo hili kwa mkulima wa Namtumbo au mvuvi wa Mbamba Bay ni swali la kiisimu. Wahudumu wengi huchagua umeme. Husema "ni kama radi kichwani" au "ni shoti". Sitiari hizi ziko karibu na sayansi, lakini ziko mbali na usalama. Radi, katika sehemu nyingi za nchi yetu, ni kitu kinachoaminiwa kuwa huweza kutumwa na mtu. Anayesema radi ameurudisha uchawi mlangoni. Shoti nayo humfundisha msikilizaji kwamba anayemgusa aliyepatwa naye atanaswa. Ndiyo imani ile ile ya kuambukizwa tunayotaka kuiondoa.

Sisi tunapendekeza sitiari ya wapiga ngoma. Katika lizombe la Wangoni, kila mpigaji ana ngoma yake na mahali pake, na mchezo hupendeza kwa kuwa wanasikilizana. Sasa tuseme wote wanapiga kwa nguvu kwa wakati mmoja, kila mmoja bila kumsikiliza mwenzake. Wachezaji watajikwaa na kuanguka. Baada ya muda wapigaji huchoka, kelele hutulia, na mchezo huanza upya polepole. Sitiari hii ina faida tatu. Haina mtu wa nje aliyeleta vurugu. Inaonyesha kwamba tukio lina mwisho. Tena inaeleza kazi ya dawa: ni kiongozi anayewaweka wapigaji katika mapigo yao, naye akiondoka ghafula vurugu hurudi, pengine kubwa zaidi. Kasoro yake ni kwamba kuna ngoma za matibabu na za pepo. Kwa hiyo msemaji aitaje wazi ngoma ya furaha, lizombe au mganda, asiseme "ngoma" peke yake.

4.2 Vyanzo

Kwa watu wengi chanzo hakijulikani. Pale kinapojulikana, ni pamoja na mtoto kukosa hewa au kuumia wakati wa kuzaliwa, malaria iliyofika ubongoni, homa ya uti wa mgongo, jeraha la kichwa, kiharusi, uvimbe, na kwa baadhi ya watu, urithi.

Viko vyanzo viwili vinavyostahili kutajwa mahsusi mkoani Ruvuma. Cha kwanza ni tegu wa nguruwe. Utafiti wa wilaya ya Nyasa uliochapishwa mwaka 2017 ulithibitisha kuwapo kwa nguruwe wenye viluwiluwi vya tegu. Anayekula nyama hiyo bila kuiva hupata tegu tumboni. Lakini viluwiluwi huingia katika ubongo kwa njia nyingine: mtu humeza mayai ya tegu yaliyotoka katika kinyesi cha binadamu mwenye tegu, kupitia mikono michafu, mboga au maji. Kwa hiyo hata asiyekula nguruwe kamwe anaweza kudhurika. Kinga yake ni choo, sabuni, kuwafungia nguruwe bandani, na kupika nyama mpaka iive kabisa.

Cha pili ni usubi, ugonjwa uenezwao na visubi wanaozaliana katika mito yenye maji yaendayo kasi. Ruvuma na Mahenge ni miongoni mwa maeneo ya Tanzania yenye historia ya ugonjwa huu. Uchunguzi uliofanywa mwaka 2017 katika vijiji vya karibu na Mahenge ulikuta kifafa kwa kiwango kikubwa, na watafiti wanaona uhusiano kati yake na usubi, ingawa namna unavyofanya kazi bado inachunguzwa. Kumeza dawa ya usubi kila inapogawiwa kijijini ni jambo la macho na, kwa kadiri tunavyofahamu leo, ni jambo la ubongo pia.

4.3 Kuambukiza

Hapa mwelimishaji hujikuta katika mtego. Akisema "Kifafa hakiambukizi" na mara hiyo hiyo akasema "Mayai ya tegu husababisha kifafa", msikilizaji ana haki ya kuuliza ni lipi la kweli. Yote mawili ni kweli, na tofauti yao sharti itamkwe: kifafa chenyewe hakitoki kwa mtu kwenda kwa mtu, bali baadhi ya magonjwa yanayoweza kuujeruhi ubongo ndiyo yanayoenea. Mate, povu, mkojo, jasho, hewa itokayo tumboni, nguo, sahani na pumzi ya mwenye kifafa havimpi mtu kifafa. Vitu hivi vitajwe kimoja kimoja, kwa majina yake. Mwelimishaji akiona haya kuvitaja, imani itabaki pale pale alipoirukia.

5.0 Lugha ya Dawa

5.1 Kupona na kutulia

Swali la kwanza la mlezi huwa ni hili: "Atapona?" Katika Kiswahili, -pona ni kitenzi cha kukamilika. Aliyepona malaria ameacha dawa. Kwa hiyo mhudumu akijibu "Atapona akinywa dawa", mlezi ataona mtoto hapatwi na matukio kwa miezi miwili, atahitimisha kwamba amepona, na ataacha kumpa. Kuacha dawa ghafula huweza kuleta matukio ya mfululizo yasiyokoma, nayo ni hatari ya kifo.

Ni afadhali kutumia -tulia na -tuliza: "Dawa hii inatuliza kifafa, inapokuwa mwilini kila siku, kinatulia." Lugha yetu imewahi kufanikiwa katika jambo linalofanana na hili. Msemo "dawa za kufubaza virusi" uliwafundisha Watanzania wengi kwamba kuna dawa inayodhibiti bila kumaliza, na kwamba mtu huishi na kufanya kazi kwa kuinywa. Kifafa hata kina tumaini zaidi: baada ya miaka ipatayo miwili bila tukio lolote, daktari aweza kufikiria kuipunguza dawa polepole, na wako wanaobaki salama bila dawa. Lakini uamuzi huo si wa mlezi peke yake.

Jina la utani la dawa nalo liangaliwe. Fenobabitali humfanya mtu asinzie, hasa mwanzoni, na hutolewa usiku. Basi huitwa "dawa ya usingizi". Jina hilo likishika, bibi atamnyima mjukuu wake dawa ili asisinzie darasani. Mwanamke mwenye mimba naye huiacha kwa kuogopa kumlaza mtoto tumboni, ilhali kumbe angepaswa kumwona daktari kwanza. Ni kweli kwamba baadhi ya dawa, hususan valproeti, zina hatari kwa mimba. Ndiyo maana msichana na mwanamke waelezwe mapema, kabla ya kuchukua mimba, dawa ipi inawafaa.

5.2 Kutwa mara mbili

Katika bahasha za dawa tunasoma "kutwa mara mbili". Wataalamu wa dawa humaanisha mara mbili katika saa 24. Lakini kutwa, kwa maana yake ya msingi, ni mchana, tangu asubuhi hadi jua kuchwa. Kinyume chake ni kucha. Twasema "mchana kutwa" na "usiku kucha". Msikilizaji makini wa Kiswahili anaweza kabisa kutoa vidonge vyote viwili vya karbamazepini kabla ya magharibi, akauacha usiku mzima bila kinga, na kwa watu wengi usingizini ndiko matukio hutokea. Bahasha ikiandika "8:00" mambo huwa mabaya zaidi, maana katika saa ya Kiswahili hiyo ni saa nane. Dawa ni rahisi: "saa mbili asubuhi na saa mbili usiku". Maneno saba, na utata umekwisha.

6.0 Maelekezo Wakati wa Tukio

Maelekezo ya dharura yawe mafupi, yaanze na kitenzi, na yafuate mpangilio wa vitendo vyenyewe. Tunapendekeza haya:

(a) Tulia, kaa naye, tazama saa.
(b) Ondoa moto, maji, jembe na kila kitu kigumu karibu naye.
(c) Weka khanga au nguo laini chini ya kichwa. Legeza kola na mkanda.
(d) Usimzuie kutukutika. Usimtie kijiko, kijiti wala kidole mdomoni. Usimnyweshe chochote.
(e) Anapotulia, mlaze kwa ubavu ili mate yatoke na hewa iingie.
(f) Kaa naye mpaka fahamu zirudi. Mwambie kilichotokea kwa sauti ya upole.
(g) Mpeleke hospitali upesi ikiwa tukio limezidi dakika 5, limejirudia kabla ya kuzinduka, limetokea majini, ameumia, ni mjamzito, au ni mara yake ya kwanza.

Katika maisha ya kila siku, apike pamoja na mtu mwingine na mafiga yainuliwe au yazungushiwe kinga, asioge mtoni wala asivue peke yake, asipande mwembe. Mtoto aende shule, na mwalimu aambiwe.

7.0 Namna ya Kuuliza

Mwisho tulinganishe mazungumzo mawili tuliyoyatunga kwa ajili ya mfano. Muuguzi ni kijana. Mlezi ni bibi wa mgonjwa.

(4) Muuguzi: Bibi, mtoto anaanguka?
Bibi: Siku hizi haanguki.
Muuguzi: Vizuri. Endelea na dawa.

(5) Muuguzi: Shikamoo, bibi.
Bibi: Marahaba, mwanangu.
Muuguzi: Mjukuu wako hajambo? Tangu tuachane, kuna lolote lililomtokea, hata dogo? Kuduwaa, kudondosha kitu, kusinzia kichwa akila?
Bibi: Kuduwaa kupo. Juzi alidondosha bakuli la uji, babu yake akamchapa.
Muuguzi: Pole, bibi. Ule haukuwa uzembe. Na dawa, kuna siku zilimpita?
Bibi: Zilimpita, mwanangu. Tulikwenda kwa mganga kwanza.
Muuguzi: Asante kwa kuniambia. Nieleze alimpa nini, tuone kama vinaweza kugongana na hivi vidonge.

Mazungumzo (4) yamechukua nukta chache na hayakupata kitu. Katika (5) salamu imempa bibi nafasi ya mkubwa, orodha ya dalili imemtoa katika kifungo cha neno kuanguka, na ukweli kuhusu mganga umepokewa bila karipio. Muuguzi angesema "Achaneni na waganga", bibi asingeacha kwenda; angeacha kusema. Wahenga walinena kwamba mficha maradhi kilio kitamuumbua. Lakini mara nyingine sisi ndio tunaomfundisha mgonjwa kuficha.

8.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba elimu ya kifafa haiwezi kukamilika kwa kutafsiri vipeperushi tu. Maneno kifafa, degedege, kuanguka, kupandwa, kupona na kutwa yana historia, na kila moja hufanya kazi yake kimya kimya katika nyumba ya mgonjwa baada ya mhudumu kuondoka. Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, vyuo vya uuguzi na utabibu vifundishe lugha ya kuzungumza na mgonjwa kama somo, si kama tabia njema tu. Pili, maelezo yoyote ya afya yajaribiwe kwa wasikilizaji kabla ya kuchapishwa au kutangazwa redioni, kwa kuwaomba warudie walichokielewa kwa maneno yao, na pale inapohitajika kwa Kingoni, Kindendeule, Kimatengo au Kiyao. Tatu, wanaisimu wa Kiswahili tuondoke katika orodha za istilahi na kuingia katika vyumba vya kungojea daktari, tusikilize.

Katika wagonjwa wale 164 wa Mahenge, wako waliokufa majini na motoni, mahali ambapo mtu mmoja aliyeelewa angetosha kuwaokoa. Kumwelewesha mtu huyo ni kazi ya daktari. Ni kazi yetu pia, sisi tuliokabidhiwa maneno.